UZINDUZI WA NYOTA TANO, MADENI YA NYOTA SABA

Wadau, leo nina la moyoni na najua wapo watakaonuna. Siku hizi hapa Dar mtu akitoa albamu, akizindua manukato, akianzisha taasisi ya kusaidia watoto au akitimiza miaka thelathini, lazima iwe hotelini. Tena sio hoteli tu, iwe ile ya nyota tano katikati ya mji, ambayo gari inamulikwa kioo chini ya uvungu kabla haijaingia, na mhudumu anakufungulia mlango kama vile wewe ndo balozi. Ukimshauri mtu akafanyie Magomeni au Kinondoni anakuangalia kama umemtukania mama yake.

Mimi nasema huo mtindo umetufikisha pabaya. Unaua muziki, unafukuza mashabiki, na kubwa kuliko yote unawala watu wadogo wanaoifanya hiyo shughuli ionekane shughuli. Nisikilizeni kwanza, matusi baadae.

Tuanze na hesabu, maana wengi wanaona picha tu na hawajui ukumbi wa hoteli unauzwaje. Hoteli kubwa mara nyingi haikuuzii ukumbi peke yake, inakuuzia vichwa. Wanakwambia kila kichwa ni kiasi fulani, humo kuna chakula, maji ya chupa, meza zenye vitambaa, viti vilivyovalishwa na kipaza sauti. Halafu unasaini idadi ya chini. Ukisaini watu 200 wakaja 120, unalipia 200. Vile viti 80 vitupu navyo vimekula kuku! Ukitaka kuleta vinywaji vyako unatozwa kwa kila chupa utakayofungua. Ukitaka kuleta mpishi wako, sehemu nyingi hata geti havuki. Ukipitisha muda mliokubaliana, saa za ziada zinahesabiwa.

Chukulieni mfano tu, kichwa kimoja shilingi 100,000. Watu 200 ni milioni 20. Kama bei hiyo haijajumuisha kodi, weka VAT ya asilimia 18, inafika milioni 23 na laki 6. Hapo hujaweka taa za ziada, skrini kubwa, zulia jekundu, maua, MC, DJ, madensa, mpiga picha, nguo tatu za kubadilisha, wala kadi za mwaliko.

Siilaumu hoteli. Hoteli ni biashara, tena inajua kazi yake kuliko sisi wote. Inataka malipo ya awali, inataka yaliyobaki kabla ya siku yenyewe, usipolipa mlango haufunguliwi. Mheshimiwa, msanii, mtoto wa tajiri, wote wanalipa kwanza. Swali langu ni hili: hoteli ikishachukua chake chote mapema, nani anabaki akisubiri?

Anabaki mpambaji aliyekesha anafunga vitambaa. Anabaki kijana wa kamera aliyeazima lenzi kwa mwenzie. Wanabaki madensa sita waliofanya mazoezi wiki mbili kwa nauli zao wenyewe. Anabaki fundi cherehani aliyeshona gauni ambalo wote mlilipigia makofi. Hao wanaambiwa "nitawarushia kesho". Kesho inakuwa Jumatatu, Jumatatu inakuwa mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi simu haipokelewi.

Kuna dada mmoja wa mjini, jina nalihifadhi ila picha zake mmeziona sana. Uzinduzi wake ulikuwa wa nguvu kwelikweli, keki ghorofa tano, waandishi kibao. Miezi mitatu baadae mpambaji wake bado anamfuata kwa ujumbe wa simu kama mtu anayeomba msaada. Jibu alilopata? "Wewe si nimekutangaza, umepata jina." Jina! Jina unalipeleka kwa mwenye nyumba akupunguzie kodi? Unalipeleka Kariakoo kwa muuza vitambaa aliyekukopesha ukamwambie nimekuja na jina?

Na kuna kaka mmoja wa muziki, huyu naye namhifadhi. Alisimama kwenye jukwaa la hoteli akatoa hotuba ya kuwashukuru "vijana wangu", machozi yakamlenga, ukumbi ukasimama. Vijana wenyewe walikuwa nyuma ya pazia hawajala, kwa sababu kwenye ile idadi ya vichwa hawakuhesabiwa. Mtu ana sahani 200 mle ndani na madensa wake wananunua chipsi nje saa sita usiku. Sasa hapo tunasherehekea nini?

Tuje kwenye muziki wenyewe. Mle ndani anakaa nani? Meza za mbele za wadhamini na waheshimiwa. Meza za kati za mastaa wenzie, ambao nusu yao hawaipendi hata hiyo albamu, wamekuja kuuza sura. Meza za nyuma za waandishi, na wote tunajua habari ya bahasha ya nauli. Hakuna anayecheza. Watu wamekaa na suti, mkono mmoja glasi, mkono mwingine simu. Msanii anaimba wimbo ambao mtaani ungebomoa ukuta, pale unapigiwa makofi ya kikao cha bodi.

Shabiki mwenyewe, yule anayeujua wimbo mstari kwa mstari, yuko Mbagala, yuko Gongo la Mboto, yuko Tandale. Hana kadi ya mwaliko. Hata angekuwa nayo, mwendokasi utampeleka mpaka Kivukoni jioni, usiku wa manane atarudi na nini? Kwa hiyo uzinduzi wa albamu yake anauangalia kwenye simu, kwa bando lake, vipande vya sekunde thelathini thelathini. Halafu kesho anaambiwa aende akanunue. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Nyie mnacheza kwa watu halafu mnashangaa tuzo haiji.

Wazee wetu hawakuwa wajinga. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikaja kuwa Juwata, ndiyo hii Msondo Ngoma mnayoijua. Sikinde, yaani DDC Mlimani Park, ilianza 1978, baadae ikaja kuwa chini ya shirika la maendeleo la jiji. Bendi zilikuwa na kumbi za kujulikana, watu wanajua siku gani bendi iko wapi, unalipa kiingilio unaingia. Fundi wa magari anacheza pembeni ya karani. Wimbo mpya ulikuwa unapimwa pale pale: sakafu ikijaa umepita, watu wakirudi kwenye viti ukautengeneze upya. Huo ndo ulikuwa uzinduzi. Meza ya mdhamini haiwezi kukwambia ukweli huo hata siku moja.

Na msidhani nachukia hoteli za mjini. Ile Kilimanjaro pale mbele ya bandari ilifunguliwa 1965, miaka michache baada ya Uhuru, na ilikuwa fahari ya nchi. Imepita mikono, ikaitwa Kempinski, leo ni Hyatt Regency, na bado watu wazima wanaiita Kilimanjaro tu. Hoteli ya namna hiyo ina kazi yake. Una mkutano wa siku tatu, wageni wametoka nchi kumi, wanahitaji wakalimani, vyumba vya kulala hapo hapo, intaneti isiyokatika, umeme usiozima na ulinzi wa uhakika. Hapo hoteli haina mpinzani, lipa na usilalamike. Ila wewe una shughuli ya saa nne, wageni wako wote wanaishi Dar, hakuna anayelala, hakuna anayehitaji mkalimani. Unalipia ya nini?

Hata serikali ilishalishtukia hili. Rais Magufuli alipoingia madarakani Novemba 2015 moja ya mambo ya mwanzo ilikuwa kubana semina na vikao vya hotelini, watu wakaambiwa tumieni kumbi za serikali. Mkubali siasa zake msikubali, ile hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: una ukumbi wako, kwanini unakodi wa mwenzio kwa bei ya mara kumi? Wizara yenye bajeti iliambiwa ijikune inapojipata. Msanii mwenye nyimbo mbili kali na mkopo wa gari, yeye nani hata asiambiwe?

Najua majibu yenu, nayajibu kabisa.

La kwanza, "wivu". Sawa, niiteni mwenye wivu, ila mlipeni mpambaji.

La pili, "brandi". Kwamba ukionekana pale unapanda thamani. Jamani, thamani inayopanda usiku mmoja na kushuka mwenye deni akipiga simu asubuhi ni thamani gani hiyo? Mjini hapa watu wanaongea. Wapambaji wana makundi yao ya WhatsApp, wapiga picha wana ya kwao. Majina ya wasiolipa yanajulikana kuliko majina ya albamu zao.

La tatu ndo lenye uzito, nalikubali nusu: wadhamini wanataka hoteli, na kumbi za mtaani vyoo havifai, jenereta inakohoa, maegesho hamna. Ni kweli, na wenye kumbi mjirekebishe, choo sio anasa. Lakini kati ya Manzese na nyota tano kuna Dar nzima katikati. Kuna Karimjee, ukumbi ambao Bunge la nchi hii liliwahi kukaa. Kuna Diamond Jubilee pale Upanga. Kuna kumbi za Kinondoni na Sinza zinazopiga harusi za watu mia tano kila Jumamosi na hakuna bibi harusi aliyekufa kwa aibu. Na huyo mdhamini, anauza vocha na soda, anawauzia kina nani? Wateja wake hawakai mapokezi ya hoteli. Mpelekee umati wenye kelele za kweli, mpigie picha bahari ya watu, uone kama atauliza idadi ya nyota.

Sasa niwaambie la kufanya, maana kulalamika peke yake hakujengi.

Wenye shughuli: kabla hujasaini karatasi ya hoteli, andika majina ya wote watakaokufanyia kazi na kiasi cha kila mmoja, uwalipe nusu siku ile ile unayolipa ukumbi. Kama hela haitoshi kulipa vyote viwili, basi jibu umeshalipata, hamisha ukumbi. Wahesabu na sahani zao kwenye vichwa. Nao wana matumbo.

Wapambaji, ma-DJ, wapiga picha, madensa: igeni hoteli. Malipo ya awali, karatasi yenye sahihi, na salio kabla ya siku. Mnaona haya kumdai staa karatasi, mbona hoteli haioni haya na bado anaiheshimu kuliko nyie? Anaiheshimu kwa sababu haimkopeshi. Picha zisitolewe mpaka hela iingie. Mkifanya hivyo wote kwa pamoja, mwaka hauishi adabu inarudi.

Na sisi tunaoandika habari za mjini, tupunguze ule wimbo wetu wa "shughuli ilifana". Tuulize na swali moja dogo tukiwa pale ukumbini: vijana wamelipwa? Tukiuliza kila wiki, kuna watu watalipa ili tu tusiwaulize.

Kaka wa muziki na dada wa manukato, mnajijua na wanaowadai wanawajua. Dawa ya deni kulipa. Mlipeni yule binti wa vitambaa leo, kabla hamjatuma kadi za shughuli ijayo.

Haya, semeni. Na kama wewe ni mmoja wa wanaodai, sema unadai nini na tangu lini, jina la mdaiwa baki nalo.