Kiwira si mto wa kwenda kichwakichwa

Wadau, kila likizo inapokaribia vijana wa hapa Mbalizi tunaanza: "Safari hii twende Daraja la Mungu na Kijungu!" Mjadala unaofuata ni wa nauli tu. Gari hadi Uyole, jingine la Tukuyu, unashuka Kiwira, bodaboda, basi. Nani anauliza habari za mvua?

Hata mimi sikuuliza. Nilikwenda Desemba, na ndala zangu mguuni, jua linawaka. Pale Kijungu, mto unapojibana kwenye korongo la mawe, nikashukia mwamba wa chini nipigwe picha. Kijana aliyetutembeza akanivuta shati: "Kaka, toka hapo, maji yamebadilika rangi." Haikupita nusu saa, ule mwamba hauonekani! Kumbe mvua ilikuwa inapiga huko juu milimani, sisi tuko juani tunacheka.

Msidhani natia chumvi. Kule Hell's Gate, Naivasha, nchini Kenya, Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliua vijana 7 wa kundi la kanisa waliokuwa wakitembea kwenye korongo. Septemba 2019 korongo hilohilo likaua watu wengine 7. Korongo ni kama mfereji: mvua ya mbali yote inakuja kupita hapo ulipo.

Sasa maoni yangu. Kwanza sisi wenyewe. Twende kati ya Juni na Oktoba, kiangazi. Tuondoke alfajiri ili saa nane tuwe tumemaliza. Tuvae raba, si ndala. Kabla ya kushuka, mwenyeji apige simu kwa mtu anayeishi juu ya mto aulize hali ya mvua. Vocha ya shilingi mia tano inatosha. Tujue njia ya kupandia iko wapi. Maji yakianza kuwa tope au kuleta majani na vijiti, picha baadaye, panda!

Pili, wanaopokea fedha za wageni. Kamba, ubao wa onyo na mtu mwenye filimbi havihitaji mfadhili kutoka Ulaya. Siku ile niliokolewa na macho ya kijana mmoja. Je, asingekuwepo?

Kiwira ni mzuri jamani, nendeni mkauone. Ila mrudi wote.

Nawasilisha.