Mvuvi wa Kojani Ahesabiwe Wapi?

Yanapotajwa mambo ya mipaka ya majimbo, wananchi wengi hudhani hiyo ni kazi ya makarani na ramani zao, nao husubiri siku ya kura ndipo waamke. Visiwa hivi vimekwisha kulipa gharama ya dhana hiyo. Januari 1961, katika uchaguzi wa viti 22 vya Baraza la Kutunga Sheria, Afro-Shirazi ilikipata kiti cha Chake Chake kwa kura moja tu. Ikawa Afro-Shirazi viti 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Watatu hao wakagawanyika, Baraza likasimama kumi na moja kwa kumi na moja, na serikali isiundike. Likaongezwa jimbo la ishirini na tatu, uchaguzi ukarudiwa Juni, na watu 68 wakapoteza maisha katika ghasia. Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu katika 31, kwa kuwa kura zake zilirundikana katika majimbo ya Unguja iliyoyashinda kwa wingi mkubwa. Kura ni ile ile. Mpaka ndio ulioipunguza uzito.

Baraza la Wawakilishi la leo lilianza mwaka 1980. Uchaguzi wa vyama vingi wa 1995 uliwapa CCM viti 26 na CUF 24, na Pemba ilikuwa na majimbo 21 katika 50. Kufika 2005 yalikuwa 18. Mwaka 2015 jumla ilipanda hata 54, ikarudi 50 mwaka 2020, na Pemba ikabaki na 18 yake.

Tuseme kweli ijapokuwa chungu kwa wasomaji wetu wa Pemba. Sensa ya 2022 iliandika watu 1,346,332 Unguja na 543,441 Pemba. Jimbo moja la Unguja, kwa wastani, lina watu 42,000. La Pemba 30,000. Mtu wa Unguja akiuliza sababu ana haki ya kujibiwa, kwani kwa kugawa vichwa tu Pemba ingebaki na majimbo 14.

Lakini ni vichwa gani vilivyohesabiwa? Sensa ile ilimwandika kila mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Kojani ni kisiwa cha wavuvi wa dago: hupakia nyavu, hutweka tanga, wakaishi miezi katika pwani za Unguja, Tanga, hata Kenya, wakiwaachia wake na wazee nyumba. Aliyelala dago usiku ule alihesabiwa huko huko. Akitaka kuchagua Mwakilishi, hata hivyo, sheria ya uchaguzi ya Zanzibar humtaka awe mkaazi wa jimbo. Basi katika hesabu ya watu ni wa ugenini, na katika daftari la kura ni wa Kojani, tena akiwahi kurudi kujiandikisha.

Hatudai kwamba watu wa dago wataziba pengo lote, hawalizibi. Twadai wahesabiwe kwao. Tume ya Uchaguzi, inapochunguza mipaka, haifungwi na idadi peke yake. Yaweza kutazama pia jiografia na njia za mawasiliano, na jimbo ambalo mwakilishi wake hupanda mtumbwi kuwafikia wapiga kura si sawa na jimbo la Darajani. Neno hilo lisemwe mbele ya Tume kwa hesabu iliyoandikwa, wala si kwa manung'uniko ya barazani. Wala chama chochote, na chetu kimo, kisiombe mpaka kwa sababu tu unakifaa.

Matawi ya Wete yaanze sasa: nyumba kwa nyumba, waandike nani yuko dago, wapi, tangu lini, na hurudi mwezi gani. Kazi hiyo asiachiwe sheha peke yake. Na uandikishaji wa wapiga kura upangwe wakati vyombo viko pwani ya Kojani.