Tusimdanganye Anayekufa

Katika zamu zetu za kutembelea wagonjwa parokiani tumezoea kusema neno lilelile kila kitandani: "Utapona tu, baba, Mungu ni mwema." Tulimwambia hivyo hata mzee mmoja ambaye nyumba nzima ilijua hafiki Jumapili. Mwenyewe alijua. Alitaka kuzungumza juu ya deni la mbegu na juu ya binti yake wa mwisho. Sisi tukaanzisha wimbo.

Aibu hiyo tulikumbushwa na somo la dini nyingine. Katika maandiko ya kale ya Wabudha, yaliyohifadhiwa kwa lugha ya Kipali, yumo mtu aitwaye Nakulapita, aliyeugua sana. Mkewe hakumwambia kwamba atapona. Alimsihi asife na wasiwasi moyoni, kisha akazitaja hofu zake moja moja. Watoto? Yeye anajua kusokota pamba, atawalea. Mume mwingine? Anajua jinsi walivyoishi miaka yote. Imani? Hataiacha. (Mzee huyo alipona, akaenda kwa Budha akijikongoja kwa mkongojo.)

Maandiko hayohayo yanasimulia juu ya mtawa aliyekuwa akiharisha, amelala katika uchafu wake, wenzake wamemwacha. Budha na mfuasi wake Ananda walimwosha na kumlaza kitandani, kisha Budha akawaambia watawa kwamba anayetaka kumhudumia yeye na amhudumie mgonjwa. Msomaji wa Mathayo 25 hawezi kulipita jambo hilo haraka.

Wapo watakaouliza, ya nini kuchota kwa jirani nasi tuna kisima? Swali ni halali. Wabudha hawakiri roho isiyokufa, na wanafundisha kuzaliwa upya. Sisi twakiri ufufuko wa mwili, na kwamba kila mmoja ameitwa kwa jina lake. Mtawa wao humsaidia mgonjwa kuachilia yote. Padre humwandaa kukutana na Mtu. Hatutaki kuchanganya mambo hayo. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, ulitufundisha kutokataa lililo kweli na takatifu katika dini nyingine. Tena Mtakatifu Benedikto aliwaagiza wamonaki wake wakiweke kifo mbele ya macho kila siku. Kisima chetu kina maji hayo, ila kamba tumeiacha ikaoza.

Matokeo yake twayaona. Kwa kuwa hakuna anayethubutu kutamka neno kifo, padre huitwa mgonjwa akiwa hawezi tena kuungama wala kumeza Hostia. Mpako wa Wagonjwa, uliowekwa uwape nguvu walio hai, umegeuka dalili ya msiba, na padre akionekana njiani na stola watoto huanza kulia. Tunawalaumu waamini kwa hilo, ilhali sisi ndio tuliowafundisha kwa nyimbo zetu.

Tungependa mazoezi yetu ya kichungaji yaanze na jambo dogo: kukaa, kunyamaza, na kumwuliza mgonjwa ni nini kinachomlemea.

Yule mzee alizikwa Jumamosi. Habari ya deni la mbegu familia iliisikia kutoka kwa mdai, palepale makaburini.