Mafunzo ya watafiti yasimtegemee mfadhili

Katika vituo vya utafiti vya Kisumu, kama KEMRI (Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya) kule Kisian, miradi ya wafadhili ndiyo shule. Mradi ukija, vijana hufunzwa kusoma vimelea vya malaria kwa hadubini na kutambua aina za mbu. Mradi ukiisha, kandarasi nazo huisha, na ujuzi wa miaka huondoka na mwenyewe.

Majaribio ya chanjo ya malaria, RTS,S, yalifanyika Siaya na Kombewa, na Septemba 2019 chanjo hiyo ikazinduliwa Homa Bay. Nyuma ya kila sampuli palikuwa na fundi wa maabara, muuguzi, na mhudumu wa nyanjani aliyejua kumweleza mama jambo kwa Kijaluo likaeleweka. Ngazi hii ndiyo rahisi kusahaulika nafasi za masomo zinapogawanywa. Semina za hotelini hazikosi, ingawa faida yake kubwa mara nyingi ni posho.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 iliahidi utafiti asilimia 2 ya pato la taifa. Hatujakaribia hapo. Lakini idara ya utafiti haihitaji fedha hizo ili kujua nani atastaafu karibuni na nani atashika mashine yake. Orodha hiyo iandikwe sasa, kule KEMRI na pia KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi inayochunguza samaki wa Ziwa Victoria. Chuo Kikuu cha Maseno kiombwe kozi fupi za mafundi, na kila mkataba mpya wa ufadhili uwe na fungu la mafunzo linalosimamiwa na idara yenyewe.