Udahili wa mapema Marekani: Uhuru wenye bei kwa mwanafunzi wa Kampala

Kila mwaka mwezi wa Novemba, watahiniwa wa kidato cha sita nchini Uganda huwa katika mtihani wa UACE unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Taifa, UNEB. Tarehe 1 ya mwezi huohuo ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha maombi ya mapema katika vyuo vikuu vya Harvard, Yale na Princeton nchini Marekani. Kwa kijana wa Kampala anayewania nafasi huko, kalenda hizi mbili hugongana, na mgongano huo huamua kwa kiasi kikubwa nani anayenufaika na utaratibu huu.

Maombi ya mapema ni ya aina mbili. Katika aina ya kwanza, mwombaji huahidi kwamba akikubaliwa atajiunga na chuo hicho na kuyafuta maombi yake mengine. Katika aina ya pili, inayotumiwa na vyuo hivyo vitatu, mwombaji hafungwi. Hupata jibu katikati ya Desemba, kisha ana muda hadi tarehe 1 Mei kuamua. Sharti kuu ni kwamba asiombe udahili wa mapema katika chuo kingine binafsi cha Marekani. Vyuo vilivyo nje ya nchi hiyo havihusiki, hivyo mlango wa Makerere hubaki wazi.

Kwa familia isiyo na uwezo, uhuru huo una thamani kubwa. Matokeo ya UACE kwa kawaida hutangazwa Februari au Machi, yaani kati ya jibu la Desemba na siku ya kuamua. Mzazi anaweza kuweka mezani barua ya Marekani na alama za mwanawe, akapima nauli, viza na gharama za kujikimu dhidi ya nafasi ya kufadhiliwa na serikali ya Uganda. Isitoshe, vyuo hivyo vitatu havizingatii uwezo wa kifedha wa mwombaji vinapofanya uamuzi, hata akiwa raia wa kigeni, na huahidi kufidia pengo lote ambalo familia haiwezi kulilipa.

Hata hivyo, kuwahi kuna gharama zake. Kabla ya Novemba kuingia, mwombaji anahitaji insha, barua za walimu na makadirio ya alama za mtihani ambao bado hajaumaliza. Harvard imerejesha sharti la mtihani wa SAT au unaolingana nao kwa wanaoingia kuanzia mwaka 2025, na SAT sasa hufanywa kwa kompyuta. Zinatakiwa pia karatasi za mapato ya wazazi. Mama anayeuza nguo Owino au baba anayeendesha bodaboda hana hati ya mshahara. Hali yake lazima ielezwe kwa maandishi na mtu anayejua namna ya kuieleza.

Katika shule yenye mshauri wa masomo ya nje, kazi hiyo huanza kidato cha tano. Pasipo na mshauri, mwanafunzi huifanya mwenyewe mwezi wa Oktoba, usiku, wakati wenzake wanajiandaa kwa UACE. Hapo ndipo hatari ilipo. Kiwango cha juu kabisa cha UACE ni pointi 20, na ushindani wa ufadhili wa serikali huamuliwa na pointi chache mno. Akikataliwa Marekani na alama zake zikashuka, amepoteza kote kuwili.

Wakimbizi wanaozungumza Kiswahili jijini Kampala wana mzigo wa ziada. Kijana kutoka Kivu huenda akawa na vyeti vya Kifaransa vinavyohitaji tafsiri. Mwenye uraia wa Burundi anakabiliwa na amri ya Marekani ya Juni 2025 iliyosimamisha viza za wanafunzi kwa raia wa nchi hiyo, isipokuwa kwa wachache. Barua ya udahili pekee haimvushi mpaka.

Wasiwasi huu si mgeni hata huko vyuoni. Mwaka 2006 Harvard ilitangaza kuachana na udahili wa mapema, kwa hoja kwamba ulikuwa ukiwapendelea waliokwishapendelewa. Princeton ikafuata. Mwaka 2011 vyote viwili viliurejesha, huku vyuo vingine vingi vikiwa havikuuacha kamwe.

Kwa mwanafunzi wa Kampala, kuna njia mbili nyingine. Ya kwanza ni maombi ya kawaida, ambayo mwisho wake ni mwanzoni mwa Januari, wiki chache baada ya UACE kumalizika; msaada wa kifedha ni uleule. Ya pili ni kusubiri matokeo, kisha kuomba mapema Novemba inayofuata akiwa na alama halisi mkononi, ingawa hilo humgharimu mwaka mzima.

Kipimo cha busara basi ni hiki: ikiwa barua, insha na karatasi za fedha hazijakamilika muhula wa tatu unapoanza Septemba, mtihani wa nyumbani upewe kipaumbele. Uamuzi huo ufanywe na mzazi, mwalimu na mwanafunzi kwa pamoja, mapema, kabla Oktoba haijawafanyia uamuzi.