Sinan: Askari Aliyejenga Madaraja Kabla ya Misikiti



Wengi wetu tumeona picha za Msikiti wa Süleymaniye jijini Istanbul, tukaisifu minara yake minne. Ni wachache wajuao kuwa msanifu wake, Sinan, alikuwa mhandisi wa jeshi, na kwamba alikabidhiwa usanifu mkuu wa dola akiwa amekaribia miaka 50.

Alizaliwa Ağırnas, kijiji kilicho karibu na Kayseri, katika familia ya Kikristo. Dola ya Uthmania ilikuwa na desturi ya kuwachukua wavulana wa Kikristo kutoka kwa wazazi wao na kuwatia katika utumishi wa sultani. Sinan naye alichukuliwa hivyo, yapata mwaka 1512. Alisilimu, akafunzwa useremala, kisha akawa askari.

Jeshini alijulikana kwa kazi ya mikono yake. Katika vita na Waajemi aliunda merikebu za kuvukia Ziwa Van. Mwaka 1538 jeshi lilipokwama kwenye matope ya mto Prut, inaelezwa kuwa alisimamisha daraja la mbao kwa siku 13. Haukupita muda mrefu akafanywa msanifu mkuu, akawatumikia masultani watatu hadi alipofariki mwaka 1588.

Ujuzi ule wa vitani hakuutupa. Aliupeleka kwa raia. Aliyezoea kuvusha mizinga sasa alivusha maji. Mafuriko ya mwaka 1563 yalipobomoa njia za maji ya Istanbul, yeye ndiye aliyezijenga upya. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo katika wadhifa huo ni wakfu wa mwanamke: Bibi Hürrem, mke wa Sultani Suleiman, aliyeanzisha msikiti, madrasa, jiko la kuwalisha maskini na hospitali. Huko Višegrad, nchini Bosnia, daraja lake la mawe lenye matao 11 lingali limesimama.

Je, kijana aliyetolewa kwao kwa amri aliwasahau wazazi na jamaa? Mwaka 1573 watu wa eneo la Kayseri walipotakiwa kuhamishiwa kisiwa cha Saiprasi, Sinan, akiwa mzee, aliwaombea jamaa zake, na Sultani Selim wa Pili akaagiza waachwe majumbani mwao. Walikuwa wangali Wakristo. Tofauti ya dini haikumzuia kuunga udugu. Na katika wakfu wake aliwawekea wanakijiji wa Ağırnas maji ya sabili.

Wazazi wenzangu, mwana akitwambia anataka uhandisi au jeshi, aghalabu swali letu la kwanza huwa mshahara. Tumuulize pia, pale mezani na mama yake akisikia: ujuzi huo ukishaupata, watu wa kwenu watanufaika nao vipi?

Wabillahi tawfiq.