Tuwadhamini Wasuka Ukili Wetu

Ndugu zangu wa Tanga, Mkinga, Muheza na Pangani, mkeka tunaokalia msibani, msala tunaoswalia na kawa inayofunika futari vimepita mikononi mwa mwanamke aliyechana miyaa, akaitia rangi, akasuka ukili pima kwa pima, kisha akaushona. Wengi wao wanalea watoto peke yao: wajane, walioachwa, wasioolewa. Kazi wanaijua. Wanachokosa ni mtaji, na mtaji wenyewe ni mdogo: pesa ya miyaa na rangi, nauli, na chakula cha nyumbani kwa siku zote ambazo mkeka haujakamilika. Asiye nayo huuza ukili kabla haujashonwa, kwa bei anayoitaja mchuuzi.

Akienda benki anaulizwa hati ya nyumba, na nyumba ni ya ukoo wa marehemu. Hapo ndipo anapoangukia mikopo ya kausha damu: marejesho kila wiki, na akichelewa, kitanda kinabebwa mchana kweupe huku majirani tunatazama. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo, lakini mama asiyepewa hata nakala ya mkataba atajuaje kuwa amezidishiwa?

Ipo fedha nyingine, nayo ni yetu. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa 2024. Haina riba. Pwani hii, ambako wapo akina mama wanaolala njaa kuliko kugusa riba, hilo peke yake lingetosha kutunyanyua vitini.

Lakini wanawake hupewa wakiwa kikundi cha watu watano au zaidi, chenye katiba na akaunti ya benki, na maombi hupitia mfumo wa kielektroniki. Mwanamke aliye peke yake ndiye wa mwisho kualikwa kikundini. Tunasema mtoto wake akiugua, marejesho yatakwama na wenzake watalipa. Nakataa hofu hiyo. Anayelisha nyumba nzima kwa vidole vyake hana nafasi ya kuchezea shilingi. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyetembeza vyungu na kuachika akiwa na mtoto, kabla Unguja haijaisikia sauti yake ya taarabu. Siku zile, nani angemdhamini?

Basi wenye vicoba na vikundi vya mikeka, fungueni nafasi. Mwiteni jirani aliyebaki nje. Vijana wenye simu janja, kaeni na mama zenu jioni moja, muandike katiba na kujaza maombi, wala msidai ujira. Maafisa maendeleo ya jamii, msiwasubiri ofisini: nendeni wanakosukia, mkapange nao marejesho yanayofuata msimu, maana mkeka hutoka kwa wingi kuelekea Ramadhani na harusi, na miezi mingine biashara hulala.

Sisi wanunuzi tuna letu. Anayeagiza mikeka ya harusi, na mwenye hoteli ya ufukweni Pangani anayetaka vikapu, alipe nusu siku anapoagiza. Malipo hayo ya awali ni mkopo usio na fomu wala dhamana, na hayangoji kikao cha mtu yeyote.

Kwa madiwani tunalo ombi moja. Katika kila baraza la robo mwaka, msomewe kata kwa kata: ni wanawake wangapi wanaolea peke yao waliopata mkopo, wangapi walikataliwa, na kwa sababu gani. Wananchi tuingie ukumbini kusikiliza. Vikao hivyo ni vya wazi. Orodha isipokuwapo, tuiulize palepale, na baraza linalofuata tuiulize tena.